Mbuzi Mjane Hajaposwa

Kengele ililia kabla ngiri hajamaliza kutoka mtoni.

"Suruali," Penina akasema.

Castory akasimamisha picha. Ngiri wa katuni akabaki amenyanyua mguu mmoja, koti jekundu limefungwa vifungo vyote, na chini ya koti hana kitu.

"Lakini Mama Luka, huyu ni ngiri."

"Ngiri asiyevaa kabisa sina neno naye, ndivyo Mungu alivyomuumba. Huyu amevaa koti. Maana yake nguo anazijua."

Castory hakubisha. Akashika kalamu ya kompyuta, na kufumba na kufumbua ngiri akawa na suruali ya kaki yenye pindo, kama mwalimu mkuu. Bwana huyo alikuwa fundi wa kuchora. Ukitazama, usingejua kipi kimetoka ng'ambo na kipi kimetoka Chang'ombe.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao katika chumba cha nyuma ya duka la vipuri. Katuni zinakuja kutoka nje, Castory anazitia maneno ya Kiswahili, na Penina, mzaliwa wa kijiji cha Haneti, mama wa kanisa, mjane wa mwaka wa saba, anakaa kitini na kengele ya mbuzi mkononi. Akiona kisichofaa watoto, anapiga. Kinafunikwa au kinakatwa. Mvinyo wa sungura ulikwisha kugeuzwa uji. Chura mchawi alikwisha kufanywa bwana shamba.

Alikosea mara moja tu. Kifaranga alimjibu mama yake kijeuri, kengele haikulia, na wiki nzima watoto wa mtaa wakawajibu mama zao vilevile. Evelina, mwenye ofisi, alimwambia kwa adabu zote: "Mama yangu, kikipita kingine kisichotakiwa, kiti hicho nitampa mtu mwingine." Kiti hicho ndicho kilichokuwa kikimsomesha mwanawe Luka. Tangu siku hiyo Penina hakupepesa macho.

Basi Jumatatu hiyo, baada ya ngiri, akatokea mbuzi jike, mjane, amejitanda kanga, anachota maji kisimani. Punda akaja, akamshikia ndoo, akamwambia, "Nataka nikuoe."

Kengele ililia mpaka mwenye duka la vipuri akagonga ukuta.

"Mwenyewe?" Penina akauliza. "Anajisemea mwenyewe, kisimani, kama anaomba kiberiti?"

"Ng'ambo ndivyo wanavyofanya," Castory akasema, macho kwenye kioo cha kompyuta. "Nikate?"

"Sijasema ukate. Nimesema si hivyo. Mtu anaandika barua ya posa. Anatafuta mshenga, mtu mzima, asiye mlevi."

Jumanne punda alikuwa na mshenga: kobe aliyefunga tai. Penina akamtazama, akapiga kengele.

"Barua anampa mbuzi mwenyewe? Kwani huyu hana kaka?"

"Anaye?"

"Mbuzi wa heshima hakosi kaka."

Jumatano kaka alipatikana, beberu mzee mwenye shamba la alizeti. Kengele ikalia tena.

"Na wakwe zake wa zamani? Mjane haposwi kama msichana, baba. Watu wa marehemu waambiwe kwanza, wasije wakasikia kwa majirani."

"Wanaambiwa na nani?"

"Na huyohuyo kobe. Akitoka kwao ndipo aende kwa kaka. Aende asubuhi, akae kwenye kigoda cha mlangoni, asiseme neno mpaka aulizwe."

Castory akaandika yote. Hakuandika kwenye kompyuta. Aliandika kwenye kijidaftari cha mfuko wa shati, akakirudisha, akakipigapiga kwa kiganja. Tangu mkewe afariki, kila mchana alikula mihogo ya kukaanga peke yake. Siku hiyo hata mihogo aliisahau.

Alhamisi barua ya punda ilijaa kioo kizima. Penina akasogeza kiti, akavaa miwani, akaisoma mstari kwa mstari kama anayesoma somo madhabahuni. Castory akajikuna kisogo. Penina alipomaliza, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji.

"Kuna kasoro?" Castory akauliza.

"Weka tarehe."

Ijumaa korongo mwenye kola nyeupe aliwafungisha ndoa, na kengele haikulia hata mara moja.

Jumatatu iliyofuata Evelina alikuja kuikagua filamu kabla haijarushwa. Mkononi alikuwa na karatasi ya wenye filamu, imeorodhesha kila kilichomo.

"Shikamoo mama. Ngiri mtoni, yupo. Sungura na mvinyo..."

"Uji," Penina akasema.

"Sungura na uji, yupo. Mbio za mlimani, zipo. Mwisho." Akainua uso. Kwenye kioo vigelegele vilikuwa vimepamba moto. "Ngoja. Huyu mbuzi katoka wapi?"

Akaigeuza karatasi, akatazama upande wa pili.

"Filamu hii haina mbuzi. Haina punda wala kobe! Dakika sita za harusi isiyokuwapo! Mama Luka, umekaa hapo wiki nzima. Kengele yako ilikuwa wapi?"

Castory aliinamisha kichwa mpaka pua ikakaribia kugusa kompyuta. "Nikate?" akauliza kwa sauti ndogo, na hakuwa akimuuliza Evelina.

Penina akainuka kitini. Akaiweka kengele juu ya karatasi ya wenye filamu, taratibu, isilie.

"Kwenye filamu kata," akasema. "Kobe wako alifika Haneti juzi asubuhi, akakaa kwenye kigoda mpaka akaulizwa. Kaka yangu ameipokea barua."