Ubavuni mwa Malachy

Kuna jambo lililomkera Beryl maisha yake yote. Bibi yake, Honora, hakupatana na kaka yake Malachy hata siku moja, halafu akaomba akifa azikwe ubavuni mwa huyohuyo Malachy.

"Mlevi, mgomvi, mrefu kama mlingoti," Beryl alisema, akilisukuma lango la makaburi kwa goti. "Fundi jeneza ilibidi aunge mbao. Sasa niambie, huyo ndiye mtu wa kulala naye milele?"

Suk-yin alicheka. Alikuwa ametoka China, na kwa miaka mingi alikuwa akitafuta katika miji ya machimbo ya jimbo la Victoria, Australia, habari za babu wa baba yake, Fong Kwai. Mzee huyo aliacha mke na mtoto kijijini, akaja huku kuchimba dhahabu, akaoa tena hukuhuku. Beryl alikuwa mjukuu wa huyo mke wa pili, Honora. Walikuwa wamefahamiana mwezi mmoja tu, lakini walishaitana shangazi na mwanangu.

Beryl alitangulia, akipiga vishindo kwenye nyasi kuwafukuza nyoka.

"Haya, ndio hawa."

Makaburi yalikuwa matatu. La kwanza la Fong Kwai, jiwe limeandikwa AMERUDI KWAO. La katikati la Malachy. La mwisho la Honora.

"La babu ni tupu," Beryl alisema. "Desturi yenu unaijua."

Suk-yin aliijua. Mchina akifia ugenini, wenzake husubiri miaka kadhaa, wakaifukua mifupa na kuirudisha kwao, asije akatangatanga.

"Bibi aliwalilia wasimchukue. Wapi! Mara siku yenyewe ikafika, bibi mpole kama si yeye. Akawaokea keki, akawaleta mwenyewe, akawaonyesha wachimbe wapi. Mawe hayakuwepo bado, ni misalaba miwili ya mbao tu, wa babu na wa Malachy."

"Alikuwa na moyo mzuri."

"Moyo mzuri, ndiyo, lakini tazama alivyobaki!" Beryl alilinyoshea kidole kaburi la mwisho. "Mama yangu alikufa na uchungu huo. Aliniambia, Beryl, usimwache mama yangu peke yake na yule mlevi. Mrudishie mumewe, hata kidogo tu. Na mimi nishazeeka, mwanangu. Nilidhani nitakufa sijatimiza."

Suk-yin alimshika bega. Ndiyo sababu ya safari yao. Mkobani alikuwa na kitambaa chekundu kilichotoka kaburini kwa Fong Kwai, kije kifukiwe kwa Honora.

"Usilie, shangazi. Kwetu anatunzwa. Kila mwaka tunafagia kaburi, tunampelekea nguruwe wa kuchoma na kikombe cha pombe ya mchele. Tukirudi asubuhi, kikombe kikavu! Baba husema mzee anaipenda hiyo."

"Babu yangu? Yule alikuwa mtu wa chai, mama kaniambia."

"Basi kajifunzia huko."

Walicheka. Beryl alipiga magoti kwa bibi yake, akachimba kishimo kwa kijiko, roho yake nyepesi kuliko ilivyopata kuwa kwa miaka. Alikunjua kile kitambaa, akakikunjua tena, na bado hakijaisha.

"Mbona kirefu hivi? Mlimfunga mzima?"

"Paja tu. Mwaka jana barabara ilipita pale, tukamhamisha. Tunaiweka mifupa mtungini, lakini wa paja ukagoma kuingia. Tukanunua mtungi mkubwa, ukagoma tena, mpaka tukaufunga peke yake. Kijiji kizima kilikuja kulishangaa jitu letu."

"Jitu?" Beryl aligeuka. "Suk-yin, koti la harusi la babu ninalo nyumbani. Nilipolivaa nina miaka kumi na miwili, lilinibana mabega."

Wakatazamana. Nzi walikuwa wakimtembelea Beryl usoni, naye hakuwafukuza. Alilitazama jiwe la kwanza, kisha la bibi yake, kisha la katikati. Akaanza kucheka taratibu, huku machozi yakimtiririka.

"Bibi wewe," akasema. "Na keki ukawaokea!"

Akavua kofia, akajikokota kwa magoti mpaka kwenye jiwe la Malachy, akalipangusa vumbi kwa kiganja.

"Shikamoo, babu."