Kura ya Bi Zawena

Wananchi walishapiga kura, lakini hakuna mgombea aliyefikisha nusu, kwa hiyo baraza ndilo lililopaswa kumchagua gavana. Kila mjumbe alitumbukiza kibuyuni punje ya hindi kwa Ndaro au haragwe kwa Mwaimu. Zilipohesabiwa zikawa sawa, na aliyebaki kupiga kura ni Bi Zawena peke yake.

“Shemeji, usiniaibishe,” Mwaimu alinong'ona.

“Ushemeji uko nyumbani. Jana ulituma wahuni wamtishe mama yangu.”

Bi Zawena akalitia haragwe lake kinywani, akalitafuna hivyohivyo kavu. Ndaro akaangua kicheko.

“Na wewe unacheka nini? Ng'ombe wako wa hongo yuko zizini kwangu. Njoo umchukue!”

Akaitia na punje yake ya hindi kinywani. Ukumbi mzima ukasikiliza meno yake yakiisaga.