Utando wa Chaza

Tangu wakubwa wa mji waamuru kila nyumba ipakwe utando hai wa chaza kwa ndani, wifi yangu Nargisi anatembea pua juu kama aliyezaliwa bila jasho. Ukuta unakula vijidudu, sawa, lakini umekula na hamira yangu. Unga wa vitumbua naukoroga kwa mkono kila siku, na kila siku umelala tu, hauumuki.

"Nunua mkate dukani, wifi," ananiambia Nargisi, ambaye hata chai huiunguza. "Vitumbua ni uchafu wa kizamani."

Nikamwita fundi wa utando. Akanieleza kwamba chembe za chaza hazina akili wala kumbukumbu. Hupapasa tu, na zikigusa ngozi ya kijidudu humeza.

"Na kikiwa kikubwa, hakimezeki?"

"Hukizingira, mama. Hukijengea ganda." Akafunga mkoba akaenda zake. Wasomi hao.

Kitanda changu kinagusa ukuta. Leo nimeamka na ganda jeupe kwenye kidole cha kukorogea, linang'aa kama lulu, halibanduki. Nikamwonyesha Nargisi.

Akaligusa kwa wivu. "Pete nzuri," akasema. "Umeinunua wapi?"