Jirani wa Saba

Siku hizo mtoto hakuandikishwa chekechea mpaka majirani saba waulizwe habari zake na lango la shule, nao wajibu sawasawa. Salha alikuwa amepata sita. Wa saba hakutokea, na foleni ilishaanza kunung'unika huku binti yake, Shani, kamng'ang'ania gauni.

Mara akajitokeza mama wa nyumba ya pili, ambaye yeye na Salha hawakuwa wamesalimiana mwaka mzima kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo.

"Jina lako?" lango likauliza.

"Mgeni."

"Mgeni haruhusiwi kujibu."

"Ndilo jina nililopewa na baba yangu, we bati!"

"Mgeni haruhusiwi kujibu."

Salha akavuta pumzi. "Huyu si mgeni," akasema kwa sauti. "Ni jirani yangu. Bi Mgeni ni jirani yangu."

Lango likamuuliza Bi Mgeni: "Shani akikataa uji, hubembelezwaje?"

"Huambiwa uji huo ni wa paka. Basi huumaliza wote, kumkomoa paka."

Lango likafunguka. Foleni nzima ikapiga vigelegele, Shani akaingia mbio bila hata kuaga.

Salha akamkumbatia Bi Mgeni. "Umejuaje habari za paka?"

"Ukuta wetu mwembamba, mwanangu. Nasikia kila neno."

Salha akacheka. Kisha akakumbuka maneno yote aliyoyasema jikoni mwaka mzima, kicheko kikamkauka mdomoni. Bi Mgeni bado alikuwa amemkumbatia, hamwachii.