Dakika Kumi na Tano

Ketsuo alitandaza mfuko wa turubai kwenye sakafu ya boti, akaingia ndani yake, akalala chali na mikono kifuani.

"Alinizidi urefu kidogo tu," alisema akiwa humo humo, akitazama mawingu. "Eti, Mersina? Atatosha?"

"Atatosha," alijibu Mersina, akageuza uso.

Injini mbili mpya za boti ya Ketsuo zilikuwa zimezimwa. Chini yao, mita sitini, ililala Tamaki Maru, meli ya mizigo ya Wajapani iliyozamishwa na ndege za Wamarekani enzi za vita. Wiki tano zilizopita Ansito, kaka yake Mersina, aliishukia meli hiyo pamoja na Ketsuo, na Ketsuo akarudi peke yake. Alilia gatini mpaka wanaume wakamshika. Alisema walikuwa ndiyo kwanza wanafika kwenye meli kutu ilipotibuka, maji yakawa meusi, akapapasa huku na huku asimpate. Ansito angeweza kuwa popote mle: chumba cha injini, jikoni, au katika lolote kati ya maghala matano ya mizigo.

Kule kisiwani Weno, mama yao alikuwa ameshachimbisha kaburi kando ya nyumba. Kila asubuhi alifagia majani yaliyoangukia pembezoni mwake, na kila asubuhi ufagio ulimlemea zaidi. Mersina alikuwa amejiapiza kwamba mama hatakufa kabla hajamzika mwanawe.

Wazamiaji wa kigeni walitarajiwa Jumanne, waje kuipekua meli nzima. Ketsuo ndiye aliyekataa kungoja.

"Waje na mataa yao wamguseguse?" alisema alipofika nyumbani kwa mama, sahani ya shelisheli la kupondwa ikiwa mbele yake, hajaionja. "Mtu wetu tumtoe wenyewe. Mimi na Mersina, basi. Mkiwa wengi mle ndani mnatibua kutu."

Mama alimshika mikono yote miwili, akakaa nayo muda mrefu.

Sasa Ketsuo alitoka kwenye mfuko, akachukua kibao chake cha kuandikia majini.

"Haya, sikiliza, maana huko chini hakuna kuuliza swali. Na upumue polepole. Wewe unapumua kama nguruwe aliyefukuzwa."

"Nguruwe huyu hajawahi kuishiwa hewa, mzee."

"Hajawahi kufika mita sitini."

Mersina alicheka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Alikuwa akiongoza watalii kwenye meli za kina kifupi, lakini hii hakuwahi kuifikia, na aliiogopa. Hata Ansito, siku zake za mwisho, hakuwa na raha nayo. Kuna mtu anaiba vitu mle, alimwambia mama: sahani, taa za shaba, hata mifupa ya mabaharia haiheshimu. Nikimjua namfikisha polisi.

Lakini akiwa na Ketsuo, hofu ilipungua. Weno nzima ilijua mipango ya Ketsuo. Aliandika kila kitu, hata dakika ya kuwasha tochi, na kwa miaka thelathini hakuwahi kuzidisha wala kupunguza. Wenzake walimtania kwamba hata chooni huenda na kibao. Leo mitungi ya hewa aliijaza mwenyewe tangu alfajiri, akakataa mtu yeyote asiiguse.

Alisoma, Mersina akanakili kwenye kibao chake.

"Kushuka, dakika tatu. Mlango wa chumba cha injini, moja. Ngazi ya ndani, mbili. Kumtia kwenye mfuko na kufunga, tano. Kutoka nje, nne. Kumi na tano, tunaanza kupanda. Tunapumzika njiani dakika hamsini, damu itulie. Ukizidisha hata moja kule chini, hewa haitutoshi."

"Na mimi nitamshika upande gani?"

"Wewe humshiki. Wewe ni dada yake. Utabaki kwenye ngazi, mimi ndiye nitakayemgusa."

Mersina hakubisha. Maisha yake yote alipita mbele ya kaka yake ameinama, kama mila inavyomtaka dada yeyote wa visiwa vya Chuuk, hata pale Ansito alipomwambia, we nawe, simama basi, mgongo utakuuma. Leo angemwendea akitambaa. Machozi yalimtoka, akayafuta kabla hayajaingia kwenye miwani ya kuzamia.

"Atarudi nyumbani leo," alisema Ketsuo kwa upole. Alimgeuza, akamwinulia mtungi mgongoni, akaanza kukaza mikanda.

Mersina alikishika kibao mbele ya macho. Ketsuo mwenyewe ndiye aliyemfundisha, tangu akiwa msichana, kwamba mtu haingii majini kabla hajaupita mpango mzima kichwani, dakika kwa dakika. Basi akafumba macho, akaupita. Akashuka, tatu. Akavuka mlango, moja. Akateremka ngazi, mbili. Akajiona amefika chini, gizani, anainua tochi ili amulike kushoto, kisha kulia, kisha nyuma ya mitambo.

Akafumbua macho atazame amepewa dakika ngapi za kumulika.

Alisoma tena kutoka juu, kidole kikifuata mistari. Mlango. Ngazi. Mfuko. Ansito angeweza kuwa popote mle, lakini kutafuta hakukupewa dakika hata moja.

Nyuma yake, Ketsuo alikaza mkanda wa mwisho.

"Umeuelewa mpango?" aliuliza.