Laini ya Kanada

Kabla ya kumpigia mama yake, Uzoma alifunga dirisha, akavaa koti zito la baridi, ingawa mtaa wote wa Mushin, jijini Lagos, ulikuwa unachemka kwa joto. Bila koti, uongo haukumtoka vizuri.

Simu yake ilikuwa na laini mbili, zote za eSIM, hakuna kadi ya kuchomoa wala kuchomeka. Moja ameipa jina "Lagos", ya pili "Kanada". Kila Jumapili baada ya ibada aliizima ya kwanza, akaiwasha ya pili, ili namba ya ughaibuni itokee kwenye kitochi cha mama kule kijijini, nje ya Umuahia, safari ya siku nzima kutoka Lagos.

Ulikuwa mwezi wa kumi na moja tangu Wakanada wamrudishe kwa ndege, mikono mitupu. Shamba la marehemu baba liliuzwa ili aende. Angeanzia wapi kumweleza mama? Basi hakumweleza.

Sasa kampuni ya huko ilikuwa imetuma ujumbe: laini itafungwa kesho. Afadhali aifute mwenyewe leo, yaishe. Uongo wa mwisho nao ulishaiva: amehamishiwa migodini kaskazini, hakuna mtandao, pengine mwaka mzima. Alifungua ukurasa wa laini zake. "Ukiiondoa, haitarudi," simu ilimwonya. Mwaka mzima bila kusikia sauti ya mama! Alijihurumia mpaka machozi yakamlengalenga.

Akapiga.

"Baba yangu! Umekula?"

"Nimekula, Mama. Nyumbani kwema?"

"Kwema kabisa. Nipo hapa barazani namenya mbegu za egusi, kuku wako wananizunguka tu."

"Mjomba Okezie yupo nimsalimie?"

"Katoka. Huyo kila ukipiga katoka, sijui ana magurudumu miguuni!"

Feni ya Uzoma ikapunguza mwendo, ikasimama.

"Haya, wameshakata umeme wao!" Mama akafyonza. "Huko kwenu hawakati, eti?"

"Huku haukatiki, Mama," alisema Uzoma, jasho likimtiririka ndani ya koti. "Shida yetu baridi tu."

"Vaa soksi."

"Nimevaa."

Alifunga kola ya koti aanze habari za migodi. Hapo hapo muuza sumu ya panya akapita chini ya dirisha na mkokoteni wake, spika ikipayuka rekodi ile ile ya kila siku: "Panya! Mende! Kunguni! Wote kwaheri!" Kisha kikohozi kikavu cha yule aliyerekodi, ambacho hakuna aliyejisumbua kukiondoa.

"Nini hicho?" Mama aliuliza, sauti imebadilika.

"Redio, Mama. Ya jirani. Wanaijeria tumejaa huku."

Uzoma aliomba kimoyomoyo mkokoteni ukate kona haraka. Ukakata. Kelele zikafifia, zikapotea kabisa mtaani. Akashusha pumzi, akajifuta uso kwa mkono wa koti.

Kisha akazisikia tena, zikija polepole, safari hii ndani ya simu: panya, mende, kunguni, na kile kikohozi.

"Redio, baba," Mama alisema upesi. "Ya jirani."