Pacha wa Nyamizi Mezani

Kila nyumba iliruhusiwa mtoto mmoja tu wa sekondari, na ndugu walishindania nafasi hiyo kwa mchezo mmoja wa sataranji. Kumwachia mwenzako hakukuwezekana. Ubao ulisoma mapigo ya moyo, na ukigundua huruma, wote wawili walifutiwa nafasi.

Ndiyo maana kambi ya sataranji iliwafundisha watoto kuchukiana kwanza. Kwa miaka miwili Kulwa na Doto, mabinti pacha wa Nyamizi waliozoea kula sinia moja, walikula kila mmoja akimpa mwenzake mgongo. Nyamizi alivumilia. Alijiambia kwamba mchezo utapita, na damu ni nzito kuliko maji.

Siku ilipofika, Doto alisogeza farasi wake, akacheka.

"Umekwisha, kichwa maji wee!"

"Bahati tu hiyo. Akili huna," Kulwa alijibu, akamlaza mfalme wake ubaoni.

Ubao ukawaka kijani. Mchezo ulikuwa safi, na Doto angekwenda shule.

Nyamizi akashusha pumzi. "Haya wanangu, yamekwisha. Sasa kumbatianeni."

Wakatazamana. Doto akanyoosha mkono, Kulwa akaushika, wakautikisa mara moja kama walivyozoea kambini.

"Siyo hivyo. Kumbatianeni, jamani!" Nyamizi akaitenganisha mikono yao.

Wasichana wakasimama, wakasogeleana. Kulwa aliinua mikono, akaishusha, akaiinua tena. Kisha akamgeukia mama yake kwa adabu zote.

"Samahani mama. Tunaanza na mkono upi?"